Rodaji ya kaske uliyoifungua mwenyewe: namna ya kuifanya, na namna ya kujua kama imebadilisha kitu

Kila wiki maswali ni yaleyale. "Yaya, nimetia pamba ndani ya kaske, niiache ipige masaa mangapi?" "Yaya, nimebadilisha mito, besi imepotea, nikiifanyia rodaji itarudi?" "Yaya, jirani anasema masaa mia mbili, wewe unasema arobaini, nimsikilize nani?" Nimechoka kujibu kwa sauti za WhatsApp, mmoja mmoja, chuma cha kulehemu kikiwa mkononi. Nimeandika yote hapa, ukiniuliza tena nitakutumia hii.

Kwa msomaji wa mbali: hapa Lubumbashi kaske ni hedifoni za kuvaa kichwani, mito ni zile pete laini zinazogusa sikio, na "yaya" ni ndugu mkubwa, si mlezi wa watoto. Rodaji ni neno la madereva. Injini mpya huendeshwa taratibu kilomita za mwanzo mpaka vyuma vizoeane, na watu wa muziki wakaliazima neno hilo kwa kaske mpya au iliyofanyiwa kazi: iache ipige siku kadhaa, halafu ndipo uihukumu.

Mimi sikatai rodaji, naifanya mpaka leo. Ila nilipata somo lake kwa aibu. Kijana mmoja wa Katuba aliniachia kaske niliyomtilia feltro (kitambaa kinene cha nyuzi zilizobanwa) na mito mipya, tukakubaliana ipige masaa mia. Siku ya tano nikaivaa, nikamwambia sikia mwenyewe, besi imefunguka, sauti za juu zimetulia. Akasikia, akafurahi, akalipa. Jioni nikaichukua simu iliyokuwa ikipigisha nikakuta imezimika tangu usiku wa kwanza: umeme ulikatika, betri ikaisha, na uliporudi hakuna aliyeiwasha. Kaske ilikuwa imepiga masaa yasiyofika saba. Besi ile niliyoisikia "imefunguka" ilitoka wapi?

Ndiyo maana mwongozo huu una kazi nyingi zaidi ya kupima kuliko ya kupigisha.

Nadharia kidogo tu

Ndani ya kikombe kuna kispika: utando mwembamba, koili ya waya iliyogandishwa nyuma yake, na sumaku. Ukingo wa utando ukifanya kazi unaweza kulegea kidogo, na ukilegea, sauti itakayoguswa kwanza ni besi. Hayo ni kweli. Lakini kwenye kaske mabadiliko hayo huwa madogo, mara nyingi madogo kuliko tofauti unayoipata kwa kuivua kaske na kuivaa tena.

Kaske iliyofunguliwa ina mambo mengine yanayotembea. Gundi inakauka. Pamba inashuka. Skochi (utepe wa gundi) uliyozibia tundu inaachia ncha moja. Na mito, hii ndiyo kubwa kuliko yote, inalala: povu likibonyea sikio linasogea karibu na kispika, ngozi ya mto inaziba vizuri zaidi kuzunguka sikio, na besi inabadilika kwa kiasi ambacho hata bibi yako atakisikia. Watu wengi wanaosema "rodaji imefanya kazi" wamesikiliza mito.

Kisha kuna kichwa chako wewe. Sikio hulizoea lolote. Na kumbukumbu ya sikio kwa tofauti ndogo hudumu sekunde chache tu. Huwezi kulinganisha sauti ya Jumatatu na ya Ijumaa kwa kukumbuka.

Andaa vitu hivi kwanza

- Kaske yenyewe, kazi ya ndani ikiwa imekwisha kabisa. Usianze rodaji ukiwa bado unapanga kuongeza pamba kesho.
- Simu ya zamani au redio ndogo inayosoma kadi, ambayo hutaihitaji kwa siku nne. Laini itolewe.
- Pawabenki. Unajua kwa nini.
- Multimita, ya bei rahisi inatosha.
- Mikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola, ile wanayotumia wanaorekodi mahubiri na video.
- Kipande cha mbao au triplai chenye ukubwa wa daftari, sponji nyembamba ya kukifunika, na plastisini ya watoto wa shule.
- Kompyuta, ya kuazima pia sawa, yenye Audacity (ya kutengeneza na kurekodi sauti) na REW (ya kupima sauti na kuichora). Zote mbili ni programu za bure.
- Daftari na kalamu. Usitegemee simu kwa hili.
- Mtu mmoja mvumilivu. Mdogo wako, mke, mume, jirani. Mtu asiyejali kaske ndiye bora.

Kama huna kompyuta wala mikrofoni, bado unaweza kufuata hatua nyingi. Pakua programu ya simu ya kusoma desibeli, yaani ukubwa wa sauti. Namba zake si za kweli kabisa, lakini simu ileile ikikaa mahali palepale itakuambia kama kitu kimepanda au kimeshuka, na hilo ndilo tunalolitafuta.

Hatua

1. Kagua kazi yako kabla ya kupigisha chochote.

Weka multimita kwenye omu (ukinzani wa umeme), pima kushoto kisha kulia kwenye plagi. Kaske iliyoandikwa omu 32 itasoma karibu na hapo, na pande mbili zikaribiane. Upande mmoja ukisoma 31 na mwingine 45, au namba ikirukaruka ukitikisa waya, kulehemu kwako kumekosea. Rudi mezani.

Halafu piga sauti ya mtu mmoja anayeongea, rekodi ya mono, yaani sauti ileile pande zote mbili. Isimame katikati ya kichwa, wazi, kama mtu aliye kati ya nyusi zako. Ikiwa imetawanyika pembeni, nyembamba, haina tumbo, umegeuza nyaya za upande mmoja: chanya na hasi zimebadilishana. Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote, na ndilo watu wanalolipeleka kwenye rodaji wakitumaini litapona. Masaa elfu hayageuzi waya.

Kwa kupima hili nina rekodi ninazozipenda: gitaa la Mwenda Jean-Bosco, mpiga gitaa wetu wa Katanga, lililorekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, kule Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952. Gitaa moja, sauti moja, mono. Kama kaske yako inalivuta gitaa lile upande mmoja, ujue kosa si la rekodi, kwa sababu kwenye rekodi hakuna kushoto wala kulia.

*Angalizo:* sumaku ya kispika inaokota unga wa chuma. Usikate wala kupiga tupa karibu na kispika kilicho wazi. Shaba yetu haishikwi na sumaku, lakini vumbi la chuma la mezani kwa fundi linashikwa, na likifika kwenye koili utasikia mkwaruzo kila besi inapopiga. Unywele mmoja ukigusa utando hufanya vivyo hivyo.

2. Acha gundi ikauke siku nzima, kaske ikiwa wazi.

Masaa 24 bila mito, mahali penye hewa. Harufu ya gundi ikibaki, ngoja zaidi. Ukifunga mapema, mvuke unabaki ndani ya kikombe na baadhi ya gundi hula povu na utando wa plastiki. Mwezi wa kumi hapa Lubumbashi, kabla ya mvua, joto linalainisha plastisini na kuondoa skochi. Ukifanya kazi msimu huo bandika skochi mpya kwenye sehemu safi iliyofutwa kwa alkoholi. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi kuna baridi, gundi inachelewa. Ongeza siku.

3. Laza mito kwanza.

Usipime chochote na mito mipya. Visha kaske kwenye rundo la vitabu lenye upana wa kichwa chako, siku mbili, au uivae ukifanya kazi za nyumbani hata bila muziki. Kuivaa ni bora, maana joto la ngozi linasaidia povu kulala linavyotakiwa. Lengo ni kwamba mto umalize safari yake kabla hujaanza kuhesabu masaa, ili baadaye usimpe kispika sifa ya mto.

4. Tengeneza meza ya kupimia.

Toboa mbao katikati, ingiza mikrofoni ndogo ije isawazike na uso wa juu, ziba pembeni kwa plastisini. Funika kwa sponji nyembamba, ukiacha tundu la mikrofoni wazi. Laza kikombe kimoja juu yake, weka kitabu kilekile juu ya kikombe kila mara, ili uzito usibadilike. Chora kwa kalamu duara la mahali kikombe kinapokaa.

Sasa kwa REW piga mpito wa sauti kutoka herzi 20 mpaka 20,000, yaani kutoka sauti nene kabisa mpaka nyembamba kabisa, na uhifadhi mchoro. Ondoa kikombe, kirudishe, pima tena. Fanya hivyo mara tano kwa kushoto, mara tano kwa kulia.

Usiruke hizo mara tano. Utaona michoro mitano ya kikombe kimoja, ndani ya dakika kumi, hailingani. Kwenye besi inaweza kuachana desibeli mbili au tatu kwa sababu tu mto haukuziba sawasawa. Upana huo wa kuachana uandike kwenye daftari kwa namba kubwa. Mabadiliko yoyote utakayoyaona baadaye yaliyo madogo kuliko upana huo hayahesabiki, hata uyapende vipi.

Asiye na REW apige milio mitatu, herzi 60, 1,000 na 8,000, asome desibeli kwa simu, mara tano kila upande.

5. Pima kwa masikio, kabla ya rodaji.

Watu huruka hatua hii, halafu mwishoni hawana cha kulinganisha. Ifanye sasa.

Vaa kaske, piga mvumo wa pinki wa mono. Mvumo huo ni ule mlio wa "shaaa" mzito, kama mvua ya mbali, wenye nguvu sawa katika kila oktavi. Audacity inautengeneza kwa kubonyeza mara mbili. Kwenye kompyuta ya Windows kuna vidhibiti viwili vya sauti, kushoto na kulia, vyenye namba. Msaidizi avichezee ovyo ovyo bila kukuonyesha, halafu wewe, bila kutazama namba, umwambie apandishe au ashushe upande mmoja mpaka mvumo usimame katikati. Aandike namba. Mara kumi. Chukua wastani. Rudia kwa mlio wa herzi 60 peke yake.

Kisha, kama vikombe vyako ni vya duara na upinde haujulikani mbele na nyuma, fanya jaribio la pili. Funga macho. Msaidizi akuvalishe kaske sawa au kinyume, waya ukipita nyuma ya shingo ili usikusaidie, nawe useme upande wa kushoto wa kaske uko sikio gani. Mara 16. Aamue kwa kuokota kikaratasi kutoka kwenye kopo na kukirudisha. Zamani nilitumia kifuniko cha chupa ya Simba, maana sarafu hapa hakuna anayezishika, lakini kifuniko kina tumbo upande mmoja na hakianguki kwa haki.

Ukipatia 12 au zaidi kati ya 16, vispika vyako viwili vilikuwa tofauti tangu kuzaliwa. Bahati peke yake huleta 12 au zaidi mara nne hivi katika mia. Andika na uendelee. Hakuna ubaya, kaske nyingi za bei ya chini ziko hivyo.

6. Pigisha upande mmoja tu.

Sasa rodaji yenyewe, na hapa ndipo ninapoachana na wengine. Usipigishe kaske nzima. Pigisha kushoto peke yake, kulia ikae kimya.

Kwenye Audacity tengeneza mvumo wa pinki wa stereo, ufute upande wa kulia ubaki kimya, hifadhi kama WAV, weka kwenye simu ya zamani, chagua irudie bila mwisho. Vaa dakika moja uhakikishe kulia hakuna kitu kabisa. Simu nyingine zina mpangilio wa mono kwa watu wanaosikia sikio moja. Ukiwa umewashwa, utapigisha pande zote mbili bila kujua.

Faida yake ni hii: baada ya siku nne una kispika kilichofanya kazi na kispika ambacho hakikufanya, kwenye kaske moja, yenye mito iliyolala pamoja, pamba iliyokatwa pamoja, joto lilelile. Na unaweza kuvilinganisha papo hapo, bila kukumbuka chochote. Kama rodaji ina nguvu wanayoisema, katikati ya kichwa chako patahama.

Sauti iwe ile unayosikilizia kila siku, au juu yake kidogo tu. Ukiiweka mezani usikie mvumo ukiwa umekaa karibu, usiusikie ukiwa mlangoni. Wanaopandisha mpaka mwisho "ili ilainike haraka" hunitembelea baadaye na koili iliyoungua.

Masaa 40. Hiyo ni desturi yangu, si sheria ya mtu. Usiku nne za masaa kumi. Habari za kupumzisha dakika kumi na tano kila saa sizifuati. Kinachohitaji kupumzika ni simu, ikipata moto.

Rodaji isikae kichwani mwa mtu. Weka kaske ndani ya sanduku la kadibodi lenye nguo, familia ilale.

7. Hesabu masaa yaliyopigwa, usihesabu yaliyopita.

Baada ya kisa cha Katuba naandika hivi: saa niliyowasha, saa niliyokuta bado inapiga, saa niliyozima. Nikiamka usiku nasikiliza. Nikikuta kimya, masaa yote tangu mara ya mwisho nilipoisikia nayafuta. Pawabenki ikae kati ya chaja na simu, kama aina yako inaruhusu kuchaji na kutoa kwa pamoja. Zima kengele na ujumbe wote, simu iwe kwenye hali ya ndege.

Kaske ya Bluetooth hujizima ikiisha betri. Itumie kwa waya kama ina tundu.

8. Pima tena, kwa namna ileile kabisa.

Meza ileile, kitabu kilekile, duara lilelile, mara tano kila upande. Linganisha kushoto ya sasa na kushoto ya mwanzo. Halafu tazama kulia, ambayo haikupiga. Kama kulia nayo imebadilika kiasi kilekile, kilichobadilika ni mto, hewa, au mkono wako. Mimi hili ndilo ninalolikuta mara nyingi.

Kama kushoto peke yake imehama, na imehama kwa zaidi ya ule upana ulioandika kwenye hatua ya 4, na imehama chini ya herzi 200, basi umeona rodaji ya kweli. Niambie, nitakuja kuiona.

Pima kwa masikio pia, hatua ya 5 yote. Wastani wa katikati umehama? Jaribio la 16 limepanda kutoka 8 hadi 13? Mara 16 ni chache, alama zinaweza kupanda na kushuka zenyewe. Lifanye siku mbili tofauti kabla ya kushangilia.

Ukimaliza, pigisha na upande wa kulia masaa yale yale, ili kaske iwe sawa, hata kama hukupata tofauti. Haigharimu kitu.

9. Ndipo usikilize muziki.

Hukumu ya muziki ina mtego mmoja mkubwa: kiasi cha sauti. Pamba na feltro hupunguza sauti, kwa hiyo kaske uliyoifungua itakuwa chini kuliko ilivyokuwa, nawe utapandisha, na kila mara utapandisha kiasi tofauti. Yenye sauti kubwa zaidi hushinda, hata kwa desibeli moja. Watafiti wa sauti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikishuka, sikio hupoteza besi mapema kuliko sauti za kati. Ndiyo maana kaske iliyo juu kidogo huonekana ina besi nyingi zaidi. Sawazisha kwanza kwa mvumo wa pinki kwenye meza ya kupimia, tofauti isizidi sehemu mbili za kumi za desibeli kama unaweza, nusu desibeli kama huwezi.

Na usisahau masikio yenyewe. Shirika la Afya Duniani linaweka mtu mzima kwenye desibeli 80 kwa masaa 40 kwa wiki. Kila ukiongeza desibeli tatu, gawa muda kwa mbili. Anayejaribu kaske hupandisha bila kujua, kila wimbo kidogo.

Nyimbo tatu au nne unazozijua kwa miaka mingi zinatosha. Mimi nachukua rumba, nasubiri sebene, ile sehemu ya mwisho ambapo magitaa yanachukua wimbo. Gitaa la solo (linaloongoza) na la mi-solo (linalolijibu) zinapoanza kufukuzana, je, naweza kuifuata moja bila nyingine kunivuta? Gitaa la besi chini yake lina noti, au ni "dum" moja tu? Sahani za ngoma zinapiga "tsss" au "tshhh"? Andika maneno ya namna hiyo, ya kitu unachoweza kukisikiliza tena. "Joto", "roho", "uhai" usiyaandike. Kesho hutajua ulimaanisha nini.

Sikiliza saa kumi alfajiri. Mchana kuna jenereta ya jirani, na kuanzia mwezi wa kumi na moja mvua juu ya mabati itakuambia kaske yoyote haina sauti za juu.

Wenye vispika vya aina nyingine

Fostex T50RP, kaske ambayo mafundi wa dunia nzima huifungua kuliko nyingi, haina koili ya kawaida: ni utando bapa wenye njia za umeme zilizochapwa juu yake, katikati ya sumaku. Hatua ni zilezile. Ila kuwa mwangalifu zaidi na vumbi la chuma, na usipulize kwa mdomo kwa nguvu ndani ya kikombe. Kwa vile vidogo vya kuingiza ndani ya sikio, ncha ya mpira inayoziba vizuri itakupa tofauti kubwa kuliko rodaji yoyote. Jaribu saizi zote kwanza.

Ikienda vibaya

*Nasikia mkwaruzo kwenye besi nzito tu.* Unywele au vumbi. Fungua, tazama kwa taa ya simu ukiilaza pembeni, toa kwa ncha ya skochi iliyokunjwa. Usitumie sindano. Ukikuta safi na mkwaruzo upo, koili imegusa sumaku, badilisha kispika.

*Besi ilikuja vizuri, baada ya wiki imeondoka.* Skochi ya tundu la nyuma imeachia, au mto umetoka kwenye mfereji wake. Nenda huko kabla ya kingine chochote. Ukivaa miwani, mkono wa miwani unatoboa mzibo wa mto; jaribu bila miwani uone.

*Besi ni nyingi mno, inameza sauti ya mwimbaji.* Kama umeongeza pamba kubana, jua kwamba ya nyuma na ya mbele ya kispika hazifanyi kazi moja. Toa nusu, pande zote mbili kwa kipimo kilekile, upime tena. Kata pamba kutoka kipande kimoja, kwa rula. Kukadiria kwa vidole ndiko kunakoleta kaske inayoegemea upande.

*Sauti za juu zinachoma sikio, nimepiga masaa 40 hazijapoa.* Hazitapoa. Weka duara la feltro nyembamba au tishu ya safu moja mbele ya kispika, ndani ya mto. Anza na safu moja.

*Upande mmoja uko chini.* Badilisha kwanza waya au kifaa, halafu vaa kaske kinyume. Upungufu ukihamia sikio lingine, ni kaske. Ukibaki sikio lilelile, ni sikio. Nenda likasafishwe hospitalini, usichokonoe mwenyewe.

*Vipimo vyangu havifanani hata mara mbili.* Kitabu kimesogea, mto haukai kwenye duara, au mikrofoni imezama chini ya sponji. Simu nyingine pia hurekebisha sauti zenyewe wakati wa kurekodi: mlio ukianza juu kisha ukashuka wenyewe, ndiyo hiyo. Tafuta programu ya kurekodi inayokuruhusu kuzima marekebisho hayo.

*Daftari linasema hakuna kilichobadilika, lakini mimi nasikia.* Vaa kaske nyingine kabisa wiki nzima, hata ile mbovu ya sokoni Kenya (mtaa wetu, siyo nchi). Siku ya nane rudi kwenye hii, dakika tano za kwanza, na uandike ulichosikia kabla sikio halijazoea. Ukisikia tena kile kile ulichokilalamikia siku ya kwanza, fungua vikombe, kazi ya ndani haijaisha.

*Msaidizi wangu amechoka na mara 16.* Mnunulie Fanta, mfanye nane leo na nane kesho. Asikuambie matokeo ya leo.